Kila Asubuhi Naenda Kuonekana

Mususa, Butembo

Mama yangu mpenzi,

Kabla kaka Mumbere hajaendelea kukusomea, mwambie akupe karatasi hii uishike kwanza kwa mkono wako. Nimeiandika mimi Kambale, mwanao wa pili, nikiwa mzima, nimeshiba, nimekaa mbele ya mashini yangu ya kushona na jua linanichoma mgongoni. Sikufa. Sikufungwa. Sikupelekwa Beni. Sasa umrudishie Mumbere karatasi, aendelee.

Nakusalimu kwa amani ya Bwana wetu, wewe na wote wa nyumba yetu hapo Luofu. Goti lako linasemaje siku hizi? Mvua imewafikia, ama inapiga ngurumo tu na kupita? Maharage uliyopanda nyuma ya jikoni yameshika? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anakula nguo za watu kwenye kamba? Nauliza habari zake kwa sababu nimesikia ndiye mliyemchagua aje kuchinjwa kwenye kilio changu. Kama bado anapumua, naomba asamehewe. Sisi huku hatujambo. Kavugho mke wangu ni mzima, na Masika mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele, akisema "sombe" upepo wote unatoka mdomoni.

Mama, jana Kakule shofere wa viazi alifika hapa kwangu. Alinikuta mlangoni nakunywa maji, akarudi nyuma mpaka akakanyaga mboga za Kavugho. Alipokubali kwamba ni mimi, ndipo akaniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeleta kwenu habari ya kifo changu, na kwamba wewe umenyoa nywele, umefunga mzigo, na unangoja tu Mumbere apate nafasi ya safari ili mje Butembo kunililia.

Nakuomba, usipande barabara hiyo. Unajua jinsi Kanyabayonga ilivyo sasa: wenye bunduki wa upande huu wanawatazama wenye bunduki wa upande ule, na katikati ni mama za watu na vitunga vyao. Kakule anapita kwa sababu wanaijua kamio yake na wanazijua sigara zake, na hata yeye anasali rozari kutoka hapo mpaka Lubero. Kesho asubuhi anarudi kwenu na barua hii. Nimemwambia asisimame popote kunywa pombe ya kasikisi mpaka umeishika. Moyo wangu hautatulia mpaka nijue imekufikia kabla hujatoka nyumbani.

Sasa nikueleze jinsi nilivyokufa, maana jambo lenyewe linachekesha, na lilianza kwa mambo ya kazi tu.

Unakumbuka nilikuwa nashona mjini, kwenye barza ya nyumba kubwa karibu na soko, sisi mafundi wanne na pasi moja ya makaa. Basi mkubwa mmoja wa jeshi aliipenda nyumba ile. Sisi pia tuliipenda, lakini hakutuuliza. Tukaambiwa tuondoke kabla ya jua kufika utosini. Kila fundi akapakia mashini yake kwenye chukudu ya mbao ya magurudumu mawili, akaisukuma kilima kwa kilima mpaka kwake. Tangu siku ile nafanya kazi hapa nyumbani, chini ya paa la mbele.

Sitakuficha, mwanzoni nilifurahi. Kutoka Mususa mpaka mjini ni kushuka na kupanda, na mvua ikinyesha unafika na udongo mpaka magotini. Nilikuwa nashuka kila asubuhi mpaka darajani, napanda upande wa pili, na jioni narudi vilevile. Sasa kazi imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Nikasema, miguu yangu imepata konji ya kupumzika.

Lakini kulikuwa na pasi. Ilikuwa moja tukiwa mahali pamoja, ikabaki moja tulipotawanyika kwenye vilima vinne. Leo iko kwa Paluku, fundi mwenzangu wa upande wa juu, kesho iko kwangu, kesho kutwa ni lazima mtu aibebe mpaka kwa mwingine. Mama, pasi ile imetembea Butembo kuliko padiri wa parokia. Halafu uzi. Zamani uzi ukiniishia nilinyoosha mkono tu kwenye meza ya Paluku. Sasa kunyoosha mkono ni kupanda mlima. Wateja wa mjini nao hawakutaka kushuka mpaka kwangu, ikabidi niwapelekee nguo mimi. Na chumvi, na kiberiti, na sabuni, vitu ambavyo nilikuwa nanunua njiani nikirudi bila hata kufikiri, sasa Kavugho anavikumbuka kimoja kimoja. Natumwa chumvi, narudi, nakaa, naweka mguu kwenye mashini, anakumbuka kiberiti.

Nilifikiri nimeacha kutembea. Kumbe nilikuwa natembea mara moja kwa siku, na sasa natembea vipande vipande mchana kutwa. Kandambili zangu zimekwisha upesi kuliko wakati ule wa mjini. Kavugho akanitazama siku moja, akasema:

"Baba Masika, zamani ulikuwa unaenda mara moja, unarudi, basi. Sasa uko sawa kuku ya kutafuta fasi ya kutagia."

Naye pia alikuwa na lake. Alikuwa amezoea kuwa na nyumba yake mchana wote, kimya, na sasa ana nyumba yenye fundi ndani. Wanawake wa kartie, majirani zetu, ambao zamani walipanda mjini kwa ajili ya kushonewa pindo tu, wakaanza kuja hapa, mpaka wakachora njia mpya katikati ya migomba yetu. Wanakuja na kitambaa kidogo na maneno mengi. Kavugho alinung'unika, halafu akaanza kuwauzia chai, na tangu hapo manung'uniko yamepungua.

Sasa sikiliza jambo moja. Safari zangu hizi zote ndogondogo zilikuwa za upande wa juu wa kilima. Hakuna hata moja iliyopita darajani; hata nguo za wateja wa mjini nilizipeleka kwa njia ya juu, inayopita kwa Paluku. Na pale darajani anakaa Mama Kasoki, yule mjane wa mandazi niliyekuambia habari zake, ambaye kila asubuhi alikuwa ananiambia "Wabukire, Kambale" na kunifungia andazi kabla sijaomba. Nilihama barabara yake bila kumwambia neno. Haikunijia akilini kwamba kuna kitu cha kusema. Nani anaaga barabara?

Ndipo anapoingia Molai. Hilo si jina lake. Ndivyo askari wenzake wanavyomwita kwa Kilingala, kwa sababu ni mrefu kupita mlango. Ni askari aliyetoka mbali, Equateur, na alikuwa ameniletea suruali yake niirefushe. Nyumba ilipochukuliwa, mimi nikaondoka na suruali. Molai akafika kwenye barza, akakuta walinzi wa mkubwa, hakuna aliyejua mafundi wamekwenda wapi. Akashuka mpaka darajani na bunduki yake mgongoni. Mama Kasoki mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyoongea.

"Mama, fundi ile mufupi, ya masharubu, eko wapi?"

"Unamutaka ya nini?"

"Eko na kitu yangu. Minamutafuta tangu jana."

Mama Kasoki akaitazama bunduki. Wewe unajua, Mama, askari akisema mtu ana kitu chake, mambo huwa yanaishia wapi. Na kwa siku kadhaa yeye mwenyewe alikuwa ameona sipiti. Akageuza mandazi kwenye mafuta, akasema bila kuinua macho:

"Fundi ile? Alishakufa. Tumuombee."

Molai akavua kofia. "Alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Pole, mama," akasema, akaenda zake.

Alisema uongo ili kuniokoa, na mpaka leo namshukuru. Lakini nyuma ya Molai walikuwa wamepanga mstari wanawake waliokuja kununua mandazi, na uongo uliosemwa darajani hauchagui wa kuusikia. Walipoanza kulia, Mama Kasoki akashindwa kuwaambia kwamba ni uongo, maana aliogopa askari yuko karibu. Jioni akaanza kuogopa kweli: mtu anatafutwa na askari, na hapiti tena, labda ni kweli ameshaondolewa duniani. Mwingine akaongeza kwamba nilionekana kwenye kamio ya kwenda Beni, kwa wale wakubwa wanaoendesha vita hii, na kwamba tumbo lilinishika hukohuko. Na Kakule, akiwa na chumvi na sabuni za kuleta kwenu, akasimama hapo hapo darajani kununua mandazi ya njiani. Mengine unayajua wewe kuliko mimi.

Mimi sikujua lolote. Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye mashini na singlendi tu mwilini, nashona kanzu ya komunyo ya mtoto wa jirani, na pini zimejaa mdomoni. Nikasikia wanawake wanalia wakishuka kutoka barabarani. Nikajua kuna msiba kwenye kartie. Nikamwashiria Kavugho alete shati langu, twende kusaidia. Mara nikaona wanakata kona na kuingia kwenye parsele yetu, hapa uani, kuni kichwani, vitunga vya maharage mgongoni, na mbele yao Mama Kasoki analia machozi ya kweli.

Akaniona. Wote wakaniona. Nilitaka kusema kwamba ni mimi, lakini ungesemaje na mdomo umejaa pini? Nikatoa sauti ya "mmm" tu, na sauti hiyo ikaharibu zaidi. Mmoja alitupa kuni chini akakimbilia kwenye migomba. Mama Kasoki hakukimbia. Alinikaribia polepole, akanishika sikio, akalivuta.

"Iko na moto," akawaambia wenzake. Kisha akanipiga begani kwa kofi ambalo bado nalisikia. "Kumbe ulikuwa hapa? Ulikuwa hapa unaikala tu?"

Nikatema pini. "Nilikuwa na kazi, mama. Siku hizi nafanyia kazi kwa nyumba."

"Kazi gani ya kwa nyumba? Mutu wa kazi anapita. Mutu asipopita, siye tutajua namna gani kama iko muzima?"

Nikainama kuokota pini.

Unajua desturi yetu: kitu kilicholetwa kwa kilio hakirudi kwa mwenyewe. Maharage yalishaingia kwenye parsele, kuni zilishatua. Wakatazamana, hakuna aliyetaka kurudisha mkosi nyumbani kwake. Kavugho akamaliza shauri kwa kuweka sufuria kubwa motoni. Basi nilikula maharage ya kilio changu mwenyewe, Mama, na yalikuwa na chumvi ya kutosha. Yule wa migombani alirudi aliposikia harufu.

Tukiwa tunakula, kivuli kirefu kikaingia. Molai, kofia mkononi, na pakiti ya sukari kwapani. Alikuwa ameuliza njia ya kwa marehemu. Mama Kasoki akainama kama anayetafuta kitu chini ya kigoda. Molai akanitazama, akaitazama sahani yangu.

"Ndeko fundi. Balisema ulikufa."

"Hata mimi nilisikia," nikamwambia.

"Donc hukufa."

"Bado."

Akazikalia kuni zangu za kilio, akamgeukia Mama Kasoki. "Mama, ulinidanganya."

"Ulikuwa na bunduki," Mama Kasoki akasema kwa sauti ndogo.

"Mais bunduki iko ya kazi. Mi nilikuwa natafuta pantalo."

Tulicheka mpaka Masika akaanza kukohoa. Nikamletea suruali yake, nilikuwa nimeipiga pasi siku ambayo pasi ilikuwa ya zamu yangu. Akaipima miguuni, ikafika. Alipotaka kuondoka na sukari yake Kavugho akamwambia sukari ya kilio nayo hairudi, akaimwaga kwenye chai, na tukanywa chai tamu siku ile kama watu wa harusi.

Molai alikunywa taratibu. Halafu akasema maneno ambayo sikutegemea kutoka kwake.

"Unaona, fundi, weye ulikosa kupita siku kidogo tu, batu balileta kuni. Mama yangu eko Mbandaka. Tangu niliingia kwa jeshi, njia gani minapitaka na ye ananiona? Kule mutu wa kumuambia 'nilimuona leo' hapana."

 Kavugho akamwongezea chai. Nilimhurumia sana, Mama, na palepale nikakufikiria wewe, ingawa nilikuwa sijajua bado kwamba habari yangu iko njiani inakuja kwenu pamoja na chumvi na sabuni za Kakule.

Tangu siku ile nina desturi mpya. Kila asubuhi naoga, navaa shati safi, nashika mfuko wangu na kushuka mpaka darajani kama zamani. "Wabukire, Mama Kasoki." "Wabukire, Kambale," andazi limeshafungwa. Napanda mpaka mjini, natazama barza yetu ya zamani, ambako msumari niliokuwa natundikia futi unatundikia soksi za mkubwa. Halafu nageuka. Nikirudi nanunua uzi, nabeba chumvi na kiberiti na chochote Kavugho alichokumbuka usiku, vyote kwa safari moja, na jua linapoanza kuchoma niko kwenye mashini. Paluku na wale wengine wawili nao wameanza. Tunakutana darajani, na hapo ndipo pasi inapobadilisha mikono. Mama Kasoki anasema mandazi yake hayajawahi kununuliwa na mafundi wengi hivi wasio na kazi.

Siku ya kwanza Kavugho alisimama mlangoni akanicheka. "Baba Masika, sasa unaenda kazi ao unatoka kazi?"

"Naenda kuonekana," nikamwambia.

Siku hizi hacheki tena. Nikichelewa kitandani ananisukuma: "Amuka, upite. Batakuja na kuni tena."

Sasa nakuja kwenye lako, Mama. Nakujua. Mumbere akimaliza kusoma utasema, wananificha, barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na watu huwaficha akina mama misiba kila siku. Kwa hiyo usiangalie barua. Fungua furushi ambalo Kakule amekuletea. Ndani kuna chumvi, sabuni, na libaya, blauzi ya kikwembe cha kijani. Ivae. Bega lako la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, nililiona hilo tangu nikiwa mdogo, nikikutazama ukirudi shambani na kitunga. Sikupata kumwambia mtu jambo hilo, hata wewe, nisikuudhi. Nimekata bega la kushoto chini. Kama libaya imekaa vizuri bila kuvuta, basi jua ni mikono ya nani iliyoikata, na kwamba mikono hiyo ina joto.

Na kuna neno moja Kakule alilolisema jana likanifanya nisukume sahani ya bugali pembeni. Alisema tangu goti likuume, na tangu wenye bunduki waanze kupita mashambani, wewe huonekani tena barabarani. Kazi zako zote unafanyia nyuma ya nyumba, kuchambua maharage, kusuka vitunga. Hata habari ya kifo changu alimpa Mumbere. Wewe hakukuona kwa macho yake. Nilimuuliza mara tatu kama una afya, akasema, watu wanasema yuko vizuri. Watu wanasema. Na mimi pia, watu walisema.

Nakuomba hivi. Mzigo wako wa safari ufungue. Siku Kakule atakapokuwa anapakia viazi pale mbele ya kanisa, vaa libaya ya kijani, Mumbere akushike mkono, utoke mpaka barabarani. Usipande kamio. Kaa tu pembeni, kwa ajili ya goti, mpaka akuone. Sihitaji barua. Akifika hapa atanikuta darajani asubuhi, na ataniambia kwamba amekuona.

Nisalimie kaka Mumbere anayesoma haya, na umwambie asante kwa kutaka kunisindikiza, lakini asubiri. Nisalimie shemeji yangu mke wake, na dada Kahambu kama amerudi kutoka kwa wakwe zake. Nisalimie katekista aliyeniombea Misa ya wafu; mwambie isipotee bure, aihamishie kwa marehemu Baba. Na jirani yetu mfua chuma, ambaye nimesikia alilia kuliko wote, ingawa nilipokuwa kijana nilimpotezea nyundo. Kavugho na Masika wanakukumbatia. Mbuzi mwachieni kamba yake ya nguo.

Kesho giza likitoka nitamkabidhi Kakule barua hii na furushi, halafu nitashuka darajani. Nikisema "wabukire" pale, nusu yake ni yako. Nawe toka kidogo mpaka barabarani, Mama, upite nikuone.

Mwanao, aliyekula maharage ya kilio chake,

Kambale